Wasifu wa baba ulisomwa dakika kumi na mbili. Naandika yale ambayo hayakusomwa

Binti wa Kota

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Mwezi ujao tunatimiza mwaka tangu tumzike baba. Alikuwa Luteni Kanali wa JWTZ, akastaafu 2007 baada ya miaka thelathini na ushee ya utumishi. Siku ya mazishi jeneza lilikuja limefunikwa bendera ya taifa, kofia yake na nishani zimewekwa juu, askari vijana wakalibeba kwa zile hatua za polepole ambazo ukiziona mara moja huzisahau. Afisa akasimama akasoma wasifu: alijiunga lini, kamisheni alipata lini, kozi zipi, vikosi vipi, vyeo, nishani ya Kagera, nishani ya utumishi mrefu. Mdogo wangu alikuwa anatazama saa, anasema zilikuwa dakika kumi na mbili. Mwisho kabisa ikaja: "Marehemu ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa." Risasi zikapigwa hewani, tarumbeta ikalia, tukarudi nyumbani.

Simlaumu aliyesoma. Wasifu wa jeshi ni wa jeshi, na kila neno lake lilikuwa la kweli. Ila ile sentensi ya mwisho imenikaa kooni mpaka leo. Ndugu wamenikabidhi mimi kifungua mimba kazi ya kuandika kumbukumbu itakayosomwa mwezi ujao. Nimeona nianzie hapa, kwa sababu najua humu mna watoto wa kota, mna maafande wastaafu, na mna akina mama waliofunga na kufungua mizigo miaka yote hiyo.

Nimezaliwa Februari 1979. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kushika ardhi yetu yote ya kaskazini ya Mto Kagera, baba alikuwa luteni usu, hajamaliza hata miaka miwili tangu atoke chuo cha maafisa Monduli, na mama alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano. Siku Mwalimu alipotangaza redioni kwamba tutampiga, baba alishaondoka. Mama anasimulia kuwa wanawake wa kota walikaa barazani wameizunguka redio moja, na Mwalimu alipofika kwenye sababu, uwezo na nia, kukawa kimya kabisa, kila mmoja anamhesabu mtu wake.

Mwezi niliozaliwa mimi ndio jeshi letu lilipoingia Masaka, kule Uganda. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Baba alinitia machoni Agosti, nina miezi sita. Alikaa kizingitini, buti bado ziko miguuni, akanilaza mapajani. Mama alipotoka jikoni alimkuta amechomoa kamba ya buti la kushoto, amenipima nayo kutoka utosini mpaka kisiginoni, anafunga fundo.

Tuliokua naye tuliuona kama mchezo. Akipata safari ya kikazi, anatusimamisha ukutani mmoja mmoja, kamba inashuka, fundo linafungwa. Akirudi, kabla hajala, tunasimama tena, anafunga fundo jingine. Sikujua kama kamba zile anazitunza. Tulipofungua tranka lake baada ya msiba, lile la bati lenye jina lake na namba yake ya jeshi kwa rangi nyeupe, tulizikuta chini ya kombati zake za zamani, kila moja imeviringwa na kufungwa kikaratasi chenye jina. Yangu ina mafundo kumi na saba. Kati ya fundo la nane na la tisa pana upana wa vidole vinne vyangu: hiyo ndiyo Msumbiji. Alikwenda huko 1987 na vikosi vyetu vilivyopelekwa Zambezia, nikiwa darasa la pili. Nimeweka vidole vyangu pale mara nyingi mwaka huu.

Kuna jambo moja limenifanya niahirishe kuandika. Kamba ziko sita. Sisi tuko watano. Ile ya sita haina kikaratasi, na ina fundo moja tu, chini kabisa, kama dhiraa moja na vidole vitatu. Sijamuuliza mama.

Na pasi. Lazima niandike habari ya pasi. Kombati zake alizinyoosha mwenyewe, mama hakuruhusiwa kuzigusa. Lakini Jumapili usiku, akiwa nyumbani, alikuwa anawasha mkaa upya kwa ajili ya nguo zetu za shule. Anachovya vidole kwenye bakuli la maji, anarushia shati, anapuliza jivu pembeni kwanza lisije likaangukia kola. Sketi yangu ya marinda ilimchukua nusu saa. Alikuwa akilishika kila rinda kwa kidole gumba mpaka pasi ifike, halafu anakiondoa kidole kwa wakati wake. Nilikuwa nakaa sakafuni namtazama. Hatukuwa tunaongea. Sijawahi kukaa na mtu kimya namna ile nikaridhika vile.

Nawaomba mnaojua: kumbukumbu ya mtu kama huyu inaandikwaje?

Sajenti wa Zamani

Marahaba binti yangu, na pole sana. Mungu amrehemu baba yako.

Sikumjua yeye, lakini nawajua wa aina yake. Mimi niliingia vitani nikiwa mgambo, mkulima wa kawaida, kama maelfu ya wengine waliochukuliwa mwaka ule. Kamanda wetu wa platuni alikuwa luteni kijana, pengine rika la baba yako. Tulimdharau kidogo mwanzoni kwa sababu alikuwa na uso wa kitoto.

Tulivuka Kagera kwa daraja la muda, maana lile la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Tangu hapo ni miguu. Watu wakisikia vita wanafikiria risasi. Sisi tulikumbuka zaidi matope, na uzito wa masanduku ya risasi begani.

Huyu luteni alikuwa na daftari dogo la jalada jekundu. Jioni anapita kwa kila mmoja, anauliza jina la mke, majina ya watoto, kijiji, mwenyekiti wa kijiji ni nani. Anaandika. Tukawa tunamcheka, tunasema anataka kutuposea. Wasiojua kuandika aliwaandikia barua yeye mwenyewe, na hakuwa anabadilisha maneno: mtu akisema "mwambie mama mbuzi yule asiuzwe", anaandika hivyo hivyo.

Tukafika Lukaya. Barabara pale inapita katikati ya kinamasi, huna pa kukimbilia kushoto wala kulia. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 maroketi ya Walibya, waliokuja kumsaidia Amin, yakaanza. Yalipita juu ya vichwa vyetu, lakini wengi wetu hatukuwahi kusikia sauti ya namna ile maishani. Brigedi yetu ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ikarudi nyuma gizani. Nasema hivi bila aibu kwa sababu nilikuwepo. Luteni alisimama barabarani, hakutupigia kelele. Alikuwa anatuita kwa majina. Na si jina lako tu: anakuita baba fulani, jina la mwanao. Nilisikia jina la binti yangu katikati ya milipuko ile, miguu ikasimama yenyewe. Alfajiri Brigedi ya 208 iliwazunguka wale na kuwapiga ubavuni, ndipo Lukaya ikawa yetu.

Tulipoteza watu watatu kwenye platuni. Vita ilipokwisha alikwenda vijiji vyote vitatu kwa miguu yake mwenyewe, kwa likizo yake. Hakutumwa.

Kwa hiyo ushauri wangu: watafute waliokuwa chini ya baba yako. Siyo waliokuwa juu yake, wale watakusomea vyeo. Watafute madereva wake, karani wake, askari ambao yeye luteni kanali alikuwa akiwapita asubuhi kwenye gwaride. Fanya haraka, tunaondoka mmoja mmoja. Na kama unaweza, tarehe 25 Julai nenda Kaboya kule Muleba, walipolala wenzetu wa vita ile. Simama tu, soma majina.

Mama wa Mabehewa

Mwanangu pole. Mimi ni mjane wa afisa, yangu miaka sita sasa.

Nimeisoma yako mara mbili. Imeandikwa vizuri, ila mama yako yumo humo kama mtu anayepita mlangoni. Katoka jikoni, kakaa barazani. Muingize ndani.

Uhamisho unakuja karatasi moja. Mume anaripoti tarehe fulani, anatangulia, anakuachia nyumba nzima. Mimi nimehama mara tisa. Nimetoka Lugalo kwenda Tabora kwa reli ya kati na vyombo kwenye behewa, watoto wanne, mmoja ana surua, kuku sita kwenye tenga kwa sababu niligoma kuwaacha. Nilipofika kota ya Tabora nikakuta mapazia yangu hayatoshi madirisha. Hayakuwahi kutosha, kila kota ina dirisha la kipimo chake. Nimeyarefusha, nimeyakata, nimeyaunga, mpaka pazia moja lilikuwa na vitambaa vya mikoa minne.

Watoto nao kila baada ya miaka miwili mitatu shule mpya, walimu wapya, unaanza kuelezea upya kwamba huyu husikia vizuri sikio la kulia. Halafu baba anarudi, amevaa vizuri, ana zawadi, na watoto wanamkimbilia. Nilikuwa natabasamu. Usiku nilikuwa nalia, nakwambia ukweli wewe mwandishi. Na yeye alijua. Hakuwahi kusema "nimewalea watoto". Mbele ya watu alikuwa anasema "mke wangu amenilelea watoto". Hilo neno moja lilinibeba miaka.

Kuhusu kamba ya sita: muulize mama yako. Usimuulize mbele ya watu, na usimuulize usiku. Muulize mkiwa mnafanya kazi ya mikono, mnachambua mboga au mnakunja nguo, ili awe na mahali pa kuweka macho.

Kimya Kirefu

Nimefikiria sana kama niandike.

Mimi pia ni mtoto wa afisa. Baba yangu naye alikuwa Kagera, naye alizikwa kwa heshima zote. Mnavyoandika hapa ni vizuri, nawaheshimu. Lakini mzee wangu alirudi na vita ndani ya nyumba. Usiku alikuwa anapiga kelele, mama anatutoa chumbani anatufungia jikoni mpaka apoe. Mchana ilikuwa mkanda. Kitanda kisipotandikwa sawasawa, mkanda. Kuchelewa dakika tano, mkanda. Kazini walimpenda, wallahi, siku ya msiba niliona askari watu wazima wanalia, nikawa najiuliza wanamlilia nani.

Sasa mimi nikipewa kalamu, niandike nini? Na wewe Binti wa Kota, huyu baba wa pasi na kamba, hakuwa na upande mwingine?

Sajenti wa Zamani

Kijana wangu Kimya Kirefu, pole. Pole ya kweli.

Tuliporudi tulipokelewa kwa ngoma na vigelegele. Baada ya hapo kila mtu na nyumba yake. Hatukuwa hata na neno la kuita kile kilichokuwa kinatuamsha usiku. Mke wangu alikuwa anasema nina jini, akaenda kwa mganga, maskini, alikuwa ananitafutia dawa. Mimi mwenyewe nimempiga mwanangu wa pili kofi kwa sababu alidondosha sufuria nyuma yangu. Alikuwa na miaka minne. Nilimwomba msamaha akiwa na thelathini na moja, tumekaa shambani, na nilichelewa.

Haya ninayosema hayamtetei mzee wako. Mkanda ulikuwa mkononi mwake, si mkononi mwa Amin. Nasema tu kwamba waliolia siku ile walimlilia mtu aliyekuwepo kweli, na wewe unayemkumbuka alikuwepo kweli pia. Andika wote wawili. Kama ukoo hautaki kusikia, andika uweke.

Binti wa Kota

Ahsanteni. Nimewasoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Kimya Kirefu, kaka yangu, umeniuliza kwa haki nami nitajibu. Ndiyo, alikuwa na upande mwingine. Sisi hakutupiga, lakini katika watoto watano alikuwepo wakati wa kuzaliwa wawili tu. Babu mzaa mama alipofariki hakuja, na mama alizika baba yake akiwa amesimama peke yake kati ya mashemeji. Mdogo wangu wa tatu alipofeli kidato cha nne, baba hakuzungumza naye wiki tatu. Si hasira ya kelele. Alikuwa anampita koridoni kama anavyopita mlingoti usio na bendera. Mdogo wangu yule sasa ana watoto wake, na bado akisikia mtu anavuta kiti mezani bila kusema kitu anaondoka chumbani.

Alipostaafu ndipo tukaona hajui kuishi nasi. Saa kumi na moja alfajiri ameshaoga, amevaa, amekaa sebuleni, hana pa kwenda. Alijaribu kupanga jiko la mama kama stoo ya kwatamasta, vikombe kwa ukubwa, mama akamwambia kwa upole, "Afande, hiki kikosi kina kamanda wake." Akacheka, akatoka akaenda kupanda miti. Ilimchukua kama miaka miwili. Mtu wa kwanza kumfungua alikuwa mjukuu, mtoto wa huyo huyo mdogo wangu wa tatu. Alikuwa anampanda mabegani wakati anasoma gazeti, na yeye hamwambii ashuke.

Nilikuwa sijapanga kuliandika la zile wiki tatu. Nitaliandika. Nimempigia mdogo wangu kumwomba ruhusa, akakaa kimya muda mrefu, akasema, "Andika, ila andika na la mabegani."

Mama wa Mabehewa, shikamoo. Umesema kweli, nimerudi kusoma nilichoandika nikaona aibu. Jumamosi nakwenda kwa mama.

Mto Ruvuma

Sina la kuongeza kwenye ya Kagera, mimi ni mdogo. Kaka yangu alikuwa Semuliki kule Congo, kambi ya walinda amani iliposhambuliwa Desemba 2017. Hakurudi. Alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Mtoto sasa anasoma. Juzi kaniuliza, baba alikuwa mrefu kiasi gani? Nikamwonyesha kwa mkono mlangoni, halafu nikaona kama nimekosea, nikapandisha mkono kidogo, nikashusha. Nimesoma hii ya kamba nikatoka nje kidogo.

Dada, usiruhusu kamba zile zipotee. Na wale wenye waume, kaka na baba walioko kazini sasa hivi, wapimeni.

Mama wa Mabehewa

Mto Ruvuma mwanangu, nguo zake mnazo? Chukueni suruali na shati lake, mzitandaze kitandani, mtoto alale pembeni. Kofia iwekeni pia. Atajua.

Binti wa Kota

Nimetoka kwa mama. Ni usiku, lakini naona nikilala nalo sitaliandika.

Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Tulikuwa tunachambua mchele, kila mtu na ungo wake. Nikamwambia, mama, kwenye tranka kuna kamba sita. Hakuacha kuchambua. Akatoa chuya mbili tatu, akazitupa pembeni, akasema, "Ya sita ni ya kaka yako."

Vita ilikwisha 1979, lakini baadhi ya vikosi vyetu vilibaki Uganda hadi 1981, na baba alirudishwa huko mwanzoni mwa 1980. Mtoto alizaliwa Septemba mwaka huo. Baba alipata likizo ya siku kumi Oktoba, akamkuta ana mwezi mmoja, akampima, akafunga fundo, akaondoka. Januari mtoto akashikwa na malaria. Siku tatu. Mama alimzika pamoja na wanawake wa kota, sajenti meja wa kikosi ndiye aliyeingia kaburini kumpokea kwa sababu hapakuwa na mwanaume wa ukoo karibu. Simu ya maandishi ilimfikia baba baada ya wiki mbili. Aliporudi, katikati ya 1981, alikwenda kaburini na mama, akatoa ile kamba mfukoni. Mama alidhani ataifukia pale. Akaiviringa akairudisha mfukoni.

Mimi nilikuwa sijatimiza miaka miwili wakati ule wa msiba. Sikumbuki kitu. Nimeishi miaka arobaini na kitu nikijiita kifungua mimba wa watoto watano, na mama akinisikia, hanisahihishi.

Nikamuuliza kwa nini hamkutuambia. Akasema baba alishindwa kulitaja jina lake. Alijaribu mara moja, 1991, siku kitinda mimba alipozaliwa na baba akiwepo, akamshika mtoto akafungua mdomo, halafu akaomba maji. Mama akaona asimlazimishe, na miaka ikapita hivyo. Kikaratasi hakikuwepo kwenye ile kamba kwa sababu hiyo hiyo.

Mama aliniambia jina. Sitaliandika hapa, nadhani mtanielewa. Alilitaja mara mbili, mara ya pili polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Kisha akaniagiza nilete kalamu na karatasi. Macho yake hayaoni vizuri sasa, lakini hakutaka nimwandikie. Aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, akakata kwa mkasi, akaifunga kwenye kamba.

Kumbukumbu nitaisoma mimi. Mama atakaa mbele na tranka litakuwa miguuni pake, kifuniko wazi. Nimeshaandika sehemu ya mwisho: Marehemu ameacha mjane, watoto sita, mmoja wao alimtangulia, na wajukuu tisa.